Kitapo na Kiasi: Jinsi Mwili Unavyoipokea Malaria

Hakuna mtu aliyelelewa katika mwambao huu, au kandokando ya maziwa makuu, au katika mabonde ya mito yetu ya bara, asiyekijua kitapo cha malaria: baridi ipandayo uti wa mgongo ilhali jua li utosini, meno yagonganayo bila ya amri ya mwenyewe, kisha joto kali lisilotaka shuka wala blanketi, na hatimaye jasho jingi limwachalo mgonjwa hoi, hana hata nguvu ya kuinua kikombe cha uji. Tangu kimelea cha maradhi haya kilipogunduliwa, aghalabu tumeamini kwamba mdudu huyo aliye ndani ya damu ndiye atutetemeshaye. Sivyo. Kimelea hakina moto wa kutuunguzia. Moto huo ni wa mwenye mwili, huwashwa kwa amri ya ubongo wake, baada ya jeshi la kwanza la ulinzi, alilozaliwa nalo na ambalo halikuhitaji kufundishwa na mtu, kumtambua adui na kupiga mbiu. Na kwa kuwa mambo ni hivyo, salama ya mgonjwa haitegemei wingi wa vimelea peke yake, bali hutegemea pia kiasi ambacho jeshi hilo litapigana; kwani likilegea, adui hujaza mishipa, na likipita mpaka, humdhuru yule yule liliyewekwa kumlinda.

Wanazuoni wa tiba huigawa kinga ya mwili mafungu mawili. Fungu lililo mashuhuri zaidi, kwa sababu ya chanjo, ni lile lijifunzalo: humsoma adui mmoja mmoja, humtungia silaha ya kumfaa yeye tu, na huihifadhi kumbukumbu yake kwa miaka, lakini elimu hiyo huchukua siku nyingi, na malaria ikiachwa huru kwa siku hizo hutosha kumwua mtoto. Fungu jingine ndilo kinga ya asili, ambayo hujibu hujuma kwa saa wala si kwa wiki. Ilimu yake ilianza pwani ya Italia, mjini Messina, mwaka 1882, pale Mrusi Élie Metchnikoff alipowachoma viluwiluwi wa kiti cha pweza kwa mwiba, akachungulia kwa hadubini, akaona chembe hai zimekusanyika kuuzingira ule mwiba kana kwamba zataka kuula. Alifahamu kwamba ndani ya kiumbe, hata kilicho duni, mna walinzi wamezao maadui, na kwa maarifa hayo alitunukiwa nishani ya Nobel mwaka 1908.

Swali lililobaki bila ya jawabu kwa miaka mia na zaidi ni hili: walinzi hao, ambao hawajapata kukutana na adui, humtambuaje? Bawabu wa mji wa kale hakuwajua wageni wote kwa majina yao, lakini aliyajua mavazi ya watu wa mji wake, na yeyote aliyefika na vazi lisilovaliwa humo alimzuia mlangoni. Na hivyo ndivyo alivyokisia Charles Janeway, mwanazuoni wa Marekani, mwaka 1989, aliposema kwamba chembe za kinga ya asili lazima ziwe na vipokezi vya kuhisi alama za jumla za viumbe vya kigeni, alama ambazo mwili wa binadamu hauna. Jules Hoffmann wa Ufaransa alikionyesha kipokezi cha namna hiyo, kiitwacho Toll, kikiwalinda inzi dhidi ya ukungu mwaka 1996. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler wa Marekani alithibitisha kazi ya ndugu wa kipokezi hicho katika panya. Na wote wawili, pamoja na Ralph Steinman, walipewa Nobel mwaka 2011. Binadamu ana vipokezi kumi vya jamii hii ya Toll, na baadhi yake ndivyo viitambuavyo malaria.

Sasa na tumfuate adui tangu anapoingia. Mbu jike wa Anofelesi aumapo usiku hutema mate chini ya ngozi, na ndani ya mate hayo mna vimelea vichache, aghalabu makumi tu, vyembamba na vyepesi vya mwendo. Baadhi yake hufia hapo hapo ngozini, vikiliwa na chembe za ulinzi. Vingine hupenya kijishipa cha damu, na kabla saa haijatimia au punde baadaye huwa vimefika katika ini. Ini lina walinzi wake, seli za Kupffer, walaji wakubwa waliokaa kwenye kingo za mishipa kusafisha damu, lakini ajabu ni kwamba kimelea hupita katikati ya walinzi hao wasikidhuru, kikaingia katika seli ya ini na kujifungia humo. Kwa muda wa siku sita au saba aina ya Plasmodium falciparum, iliyo kali kuliko zote na iliyoenea zaidi kwetu, hujigawa humo hata seli moja ikabeba vimelea makumi elfu, na mwenye mwili hana habari, hula, hucheka na kwenda kazini. Maficho haya yalisumbua akili za matabibu kwa nusu karne. P. C. C. Garnham, aliyetumika kama tabibu Kenya kwa zaidi ya miaka ishirini, aliyaona mwaka 1947 katika maini ya tumbili wa nchi ile wenye kimelea kilicho jamaa wa malaria, na mwaka uliofuata, akiwa London pamoja na Henry Shortt, akayathibitisha kwa malaria ya nyani na ya binadamu.

Hata hivyo ini halikunyamaza kabisa, ingawa sisi hatuisikii sauti yake. Uchunguzi wa panya wa maabara uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba seli ya ini huihisi RNA ya mgeni aliye ndani yake, ikatoa intaferoni, nayo intaferoni ikawaita askari. Ila mwito huo huchelewa, na askari wafikapo, kizazi cha kwanza cha vimelea huwa kimekwisha kuondoka kwenda damuni.

Hapo ndipo vita vya dhahiri huanza. Kila kimelea kilichotoka katika ini huitafuta chembe nyekundu ya damu na kuipenya upesi mno, na uchaguzi wake wa nyumba ni wa hila kubwa, kwa kuwa chembe nyekundu haina kiini wala haina uwezo wa kutundika nje bendera ya hatari ambayo seli nyingine za mwili huitundika zinapovamiwa. Ndani humo kimelea huila hemoglobini, hukua, hujigawa na kuwa vimelea 16 hadi 32, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka. Camillo Golgi wa Italia alibainisha katika miaka ya 1880 kwamba homa hupanda wakati ule ule chembe nyingi zinapopasuka pamoja, wala si wakati vimelea vinapokua ndani kwa utulivu. Sababu yake tunaijua leo: kupasuka huko ndiko kuumwagako ndani ya damu uchafu wote wa adui, yaani mafuta yenye sukari yashikizayo protini zake, vipande vya DNA yake, na rangi nyeusi iliyosalia baada ya mlo wake, na kila kimoja katika vitu hivyo ni vazi la kigeni ambalo kuna kipokezi cha kulitambua.

Habari ya rangi hiyo nyeusi yastahili kusimuliwa kwa utulivu, maana ndiyo iliyomfichua adui. Hemoglobini iliwapo huacha nyuma yake himu, kitu chenye chuma na chenye sumu, na kimelea hujiokoa na sumu hiyo kwa kuigandisha kuwa fuwele ndogondogo za rangi ya kahawia iliyokoza, ziitwazo hemozoini. Klorokwini waliyoimeza wazee wetu kwa miaka mingi, ikawachua ndimi kwa uchungu, iliviua vimelea kwa kuuzuia ugandishaji huo. Mwaka 1847 Heinrich Meckel wa Ujerumani aliiona rangi hiyo katika damu na bandama la maiti, asijue imetoka wapi. Alphonse Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine nchini Aljeria, alijishughulisha hasa na swali la asili yake, na tarehe 6 Novemba 1880, alipokuwa akiitazama damu mbichi ya askari mgonjwa, aliviona viumbe vyenye rangi hiyo vikitoa nyuzi zilizochezacheza kwa uhai. Hivyo takataka za mla damu ndizo zilizomshitaki mbele ya binadamu, na ndizo hizo hizo, kama tulivyokuja kujua baadaye, zinazomshitaki mbele ya mwili.

Kwani makrofaji, yaani mlaji mkubwa katika chembe za ulinzi, aimezapo hemozoini humeza pamoja nayo DNA ya kimelea iliyonata juu ya fuwele, na ndani ya tumbo lake mna kipokezi cha Toll cha tisa, kilichowekwa kuihisi DNA ya aina hiyo; nacho kipokezi cha pili kilichoko juu ya ngozi yake huyahisi yale mafuta yenye sukari. Fauka ya hayo, fuwele zenyewe hulichubua tumbo la mlaji kwa ncha zake, na mchubuko huo huamsha mtambo wa protini ufunguao mlango wa kijumbe kiitwacho intaleukini-1. Basi katika saa chache makrofaji na jamaa zao monosaiti humwaga damuni wajumbe wengi wa kikemikali, ambao kwa jumla huitwa saitokini, na miongoni mwao wakuu ni intaleukini-1, intaleukini-6 na TNF.

Wajumbe hao hufika katika ubongo, kwenye sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuhukumu mwili uwe na joto kiasi gani, na kwa njia ya kemikali nyingine, prostaglandini, huipandisha hukumu hiyo kutoka nyuzi 37 mpaka 39 au 40. Papo hapo mwili, ambao bado una joto lake la kawaida, hujiona una baridi. Mishipa ya ngozi hujibana isipoteze joto, misuli hutetemeka ili kulizalisha, na mgonjwa hujifunika kanga juu ya kanga adhuhuri kweupe. Joto likifikia kiwango kilichoamriwa, kitapo hukoma. Na amri ikitenguliwa, jasho hutiririka. Wala moto huu si wa bure. Dominic Kwiatkowski, Mwingereza aliyewatibu watoto wa Gambia, alionyesha mwaka 1989 kwamba vimelea vilivyowekwa maabarani katika nyuzi 40 hudhurika sana vikiwa katika nusu ya pili ya umri wao, yaani vile vilivyo karibu kupasuka. Kwa hiyo ampaye mgonjwa parasetamoli hakosei, maana humpunguzia taabu kwa kuizuia ile prostaglandini. Akosaye ni yule ambaye, homa ikishashuka, hudhani malaria imekwisha, ilhali alichokinyamazisha ni mbiu tu na adui bado yungali ndani.

Pamoja na mbiu kuna mapigano ya ana kwa ana. Walaji wengine waitwao neutrofili, pamoja na makrofaji, huzila chembe zilizoambukizwa. Seli za NK, ambazo huua bila ya kungoja mafunzo, hutoa intaferoni aina ya gama ambayo huwazidishia walaji ukali. Na seli za gama-delta, ambazo zimesimama mpakani baina ya kinga ya asili na ile ijifunzayo, huongezeka upesi kwa kunusa kemikali ambayo kimelea huitengeneza na mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa. Lakini katika uwanja wote huu, kiungo ambacho mimi nakistaajabia kuliko vingine ni bandama, ambalo wengine huliita wengu, lililo ubavuni kushoto chini ya mbavu, na ambalo watu hulikumbuka pale tu linapovimba. Humo damu hulazimishwa kupita katika mianya iliyo myembamba kuliko chembe yenyewe. Chembe nyekundu iliyo nzima hujikunja ikapita, na ile ambayo kimelea kimeifanya ngumu hukwama, ikaliwa. Na kuna jambo la hikima zaidi: ikiwa dawa imekwisha kukiua kimelea kichanga ndani ya chembe, bandama huweza kukichomoa kile kimelea kilichokufa, likaiziba chembe, na kuirudisha katika mzunguko iendelee kufanya kazi yake kwa siku zilizosalia. Matabibu wa zamani walikuwa wakipita katika shule na vijiji wakipapasa matumbo ya watoto, wakiwahesabu wenye bandama lililovimba, na kwa hesabu hiyo tu wakaujua ukali wa malaria ya mahali pale.

Adui naye analijua bandama, na hila zake nyingi ni za kulikwepa. Plasmodium falciparum anapokomaa huchomoza juu ya chembe nyekundu protini inatayo kwenye kuta za mishipa midogo, ili chembe hiyo itie nanga mahali pa utulivu isizungushwe mpaka kwenye mianya ile. Na kwa kuwa ana jeni zipatazo 60 za protini hiyo, na huzitumia kwa zamu, kinga ijifunzayo ikishalijua vazi moja yeye huvaa jingine. Kisumu nchini Kenya, mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba vimelea vikaavyo katika kondo la nyuma la mjamzito hunata hapo kwa namna ya pekee, tofauti na vya wagonjwa wengine, na hapo tukajua kwa nini mwanamke aliyekwisha kuizoea malaria huangushwa nayo tena katika mimba yake ya kwanza. Nayo ile hemozoini, ambayo mwanzo humchochea mlaji, ikimjaa tumboni humduwaza: hameng'enyi, hauwi barabara, hafundishi wenziwe.

Na sasa nafika katika jambo linisumbualo. Mwaka 2023, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu takriban 597,000, na katika kanda ya Afrika watu watatu katika kila wanne waliokufa walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Wengi wao walikufa kwa kupungukiwa damu au kwa malaria iliyopanda kichwani, ile ambayo mtoto hukakamaa, hugeuza macho, hutetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu. Kwetu hali hiyo huitwa degedege, na katika nyumba nyingi za pwani na bara imedhaniwa kuwa ni shetani au ndege wa usiku, mtoto akapelekwa kufukizwa ubani kabla ya kupelekwa hospitali. Siwalaumu wazazi hao, maana walikiona kitu ambacho homa ya kawaida haifanyi, wakatafuta sababu iliyo kubwa kama hofu yao. Sababu yenyewe ni chembe zilizonata katika mishipa ya ubongo zikaibana njia ya damu, na pamoja nazo wale wajumbe wa mwili wakimwagika pasipo kipimo, kuta za mishipa zikalegea, na ubongo ukavimba.

Kwa kuwa TNF ilionekana imejaa katika damu ya watoto waliougua sana, kule Malawi na Gambia, matabibu waliwaza jambo lililo dhahiri: kwa nini tusiizuie? Ian Clark wa Australia alikuwa amekisia tangu mwaka 1981 kwamba wajumbe wa namna hii ndio waletao madhara ya malaria, na majaribio ya awali ya kingamwili dhidi ya TNF yaliishusha homa ya watoto wa Gambia. Basi likafanywa jaribio kubwa, watoto zaidi ya 600 waliopoteza fahamu, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1996: vifo havikupungua, na watoto waliopewa kingamwili hiyo wakapona kwa wingi zaidi na ulemavu wa ubongo kuliko wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 1982, jaribio lililofanywa Thailand kwa deksamethasoni, dawa itulizayo kinga, lilikuwa limeonyesha kwamba wagonjwa walikaa muda mrefu zaidi bila ya fahamu, wala vifo havikupungua. Yalinganishe hayo na jaribio la artesuneti lililotangazwa mwaka 2010, ambalo watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika walishirikishwa, wakiwamo wa Korogwe, Muheza na Kilifi: kwa dawa hiyo, iviuayo vimelea vingali vichanga kabla havijanata, walikufa asilimia 8.5, na kwa kwinini asilimia 10.9. Aliyefaulu ni yule aliyemwondoa adui upesi, jeshi likakosa sababu ya kupita mpaka. Aliyelinyang'anya jeshi silaha vita vikiwa vimekwisha kushtadi hakumwokoa mtu.

Hesabu ya gharama ya vita hivi haiishii hapo. Chembe nyekundu zipasukapo kwa wingi humwaga himu, na mwili katika kujihami na sumu ya himu huwapunguzia neutrofili nguvu ya kuua. Ndipo vijidudu vya salmonela, ambavyo siku nyingine vingezuiwa, hupata mwanya wa kuingia damuni. Wauguzi wa watoto wanaujua msiba huu wa maradhi mawili kwa pamoja, na utafiti uliofanywa Kilifi na kutangazwa mwaka 2011 uliuthibitisha kwa hesabu.

Lakini watoto wa vijiji vyenye malaria nyingi, wakiivuka miaka ya mwanzo, hubadilika. Robert Koch aliliona hilo kule New Guinea katika mwaka 1899 na 1900, alipokuta vimelea vimejaa katika damu ya watoto na karibu kutoweka katika damu ya watu wazima wa mahali pale pale. Zamani sifa yote ya mabadiliko hayo ilipewa kinga ijifunzayo, nayo kweli ina sehemu kubwa. Ila tangu mwaka 2014 imedhihirika kwamba hata hilo jeshi lisilosoma hupata adabu. Katika kijiji cha Kalifabougou nchini Mali, chembe za damu za watoto waliokwisha kuugua malaria mara kwa mara, zilipokutanishwa tena na kimelea, zilitoa wajumbe wachache wa moto na wengi zaidi wa utulivu, na bado uwezo wao wa kukila kimelea haukupungua. Mwaka huo huo, habari kutoka Tororo nchini Uganda zilisema kwamba watoto walioambukizwa mara nyingi walikuwa na seli chache za gama-delta, na hizo zilizosalia zilikuwa baridi. Nao walikuwa wakibeba vimelea damuni bila ya homa. Huu si ushindi kamili, kwa kuwa adui anaachiwa nyumba. Ni mapatano ya kuishi naye, na mtu mzima wa Tororo mwenye vimelea elfu katika tone la damu yake huweza kushika jembe asubuhi.

Wengine huzaliwa na mapatano ya namna nyingine. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa na malaria. Na mwaka 2020 watafiti wa Kilifi walieleza kwamba wenye kundi la damu liitwalo Dantu wana chembe nyekundu ambazo ngozi yake imekazwa mno, kimelea kikagonga kisipate pa kuingilia.

Maarifa haya yote yameingia katika chanjo, ingawa wazazi wanaopanga foleni kliniki hawaambiwi. Kipande cha protini ya kimelea kilichomo katika chanjo ya RTS,S ni kitu kikimya, kinga ya asili hukipita bila ya kukijali. Basi kimechanganywa na mafuta yaliyotolewa katika kijidudu cha salmonela yakaondolewa sumu, ambayo huhisiwa na kipokezi cha Toll cha nne, kile cha Beutler, na pia dutu itokayo katika gome la mti wa Chile, Quillaja saponaria. Vitu hivyo viwili ndivyo vipigavyo mbiu, na kinga ijifunzayo huja kwa sababu yake. Matokeo ya majaribio ya mchanganyiko huo kwa watoto wa Kilifi na Korogwe yalitolewa mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo Oktoba 2021, na ile ya pili, R21, ambayo nayo hutumia gome la mti huo, mwaka 2023.

Kwa kuwa mapatano ya mwili na malaria hudumishwa kwa kuumwa na mbu mara kwa mara, walikuwako mabingwa walioogopa kuyavunja. Bagster Wilson, aliyefanya kazi Tanganyika kwa miaka mingi, pamoja na Garnham tuliyemtaja, walionya katika mkutano wa Kampala wa mwaka 1950 kwamba kuwapunguzia watu mbu nusunusu, kisha kuacha, ni kuwapokonya ngao na kuwarudisha vitani mikono mitupu. George Macdonald akawapinga, na mkutano ukapendekeza kwamba malaria ipigwe vita popote inapowezekana. Mimi nasimama na Macdonald, kwa kuwa bei ya ngao ile ililipwa kwa vifo vya watoto wachanga, na hakuna mzazi aliyeulizwa kama yu radhi kuilipa. Ila onyo la Wilson halikuwa la upuuzi. Zanzibar iliipiga malaria vita miaka ya 1950 na 1960, kampeni ikakatishwa mwaka 1968, na maradhi yakarudi kwa nguvu. Ikaanza upya mwaka 2003 kwa dawa mseto, kisha upuliziaji wa nyumba na vyandarua, na kwa miaka mingi sasa wenye vimelea wamekuwa pungufu ya mmoja katika kila mia.

Kijana wa Unguja aliyezaliwa baada ya hapo ana mwili wa mtu asiyeijua malaria. Akienda Morogoro au Tanga kwa harusi akarudi na kimelea, jeshi lake litapigana kama la mtoto wa miaka miwili. Na hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu waliokaa miaka mingi Muscat au London, wajao likizo wakidhani damu yao ingali inakumbuka, kumbe sehemu kubwa ya ule uzoefu imekwisha kufifia. Watu hawa, umri wao uwe wowote, homa ikiwapata baada ya safari, huhitaji kupimwa damu siku ile ile, na daktari aambiwe wazi walikotoka, maana nchi wanakoishi huenda asiwaze malaria mpaka siku ya tatu.